Binti yangu ana kifafa: nimwachishe vidonge nimpe dawa ya mizizi?

Shikamoo mama,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Muheza, mkoani Tanga. Binti yangu mkubwa ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Alianza kuanguka akiwa darasa la tano. Tulihangaika huku na huko, tukaambiwa ni pepo, tukaambiwa ni husuda ya watu, mwisho tukafika hospitali. Wakasema ni kifafa, wakampa fenobabitoni, vidonge viwili kila usiku. Akatulia. Ukapita mwaka mzima hajaanguka hata mara moja.

Mwaka jana akaanza tena. Kwanza ilikuwa mara moja kwa miezi miwili, halafu ikawa kila mwezi. Vidonge anakunywa vilevile viwili, sijampunguzia hata siku moja. Shuleni walimu wanalalamika anasinzia darasani. Mama mkwe akasema vidonge hivyo vinamla mtoto ubongo. Akamleta mtu wa dawa za asili anayemwamini, na yeye akatuuzia chupa ya lita moja na nusu, ndani mna mizizi na magome ya miti saba yaliyochemshwa, rangi kama chai ya mkandaa. Chupa ina karatasi imeandikwa: "Ina antioksidanti nyingi, inasafisha ubongo na mishipa ya fahamu, utafiti umethibitisha." Akasema anywe kifuniko kimoja asubuhi na kimoja jioni, na vidonge aache kabisa kwa sababu dawa mbili zitapigana.

Nikamwachisha. Siku nne za kwanza mtoto alichangamka, akacheka, akafua nguo zake mwenyewe. Nikaona tumepona. Siku ya sita jioni alikuwa anakoroga uji, akaangukia kwenye mafiga, mkono ukaingia motoni. Hajazinduka vizuri akaanguka tena, na mara ya tatu tukiwa kwenye bajaji. Hospitali wakamchoma sindano, akalazwa siku tatu. Sikuwaambia habari ya chupa. Niliona aibu, nikasema alisahau vidonge.

Sasa yuko nyumbani, mkono una bandeji, vidonge vyake amerudia. Chupa imebaki nusu. Mama mkwe anasema tulikosa uvumilivu, ile ilikuwa sumu inatoka. Jirani anasema nimpe vyote pamoja. Mume wangu amenyamaza. Naomba uniambie kweli: hiyo antioksidanti inatibu kifafa au haitibu? Naweza kumpa vyote viwili? Na je, mama, mimi ndiye niliyemuunguza mwanangu?

Mama wa Watatu, Muheza

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Nitaanza na swali lako la mwisho, maana najua ndilo linalokunyima usingizi.

Hukumuunguza mwanao. Ulimwona anaanguka ilhali vidonge anakunywa, ukamwona anasinzia, mtu mzima wa nyumba akakuambia dawa inamharibu, halafu ukawekewa mbele yako kitu chenye maneno ya kitaalamu. Mfa maji haachi kutapatapa. Lakini sitakuficha: kilichomwangusha mara tatu mfululizo ni kukatishwa fenobabitoni kwa ghafla. Hakukuwa na sumu iliyokuwa inatoka.

Fenobabitoni haiishi mwilini kwa usiku mmoja. Mtu aliyeinywa kwa miaka akiiacha leo, inapungua polepole kwa siku kadhaa. Usingizi unatangulia kupungua. Ndiyo maana siku zile nne mtoto alichangamka na kufua nguo zake, nawe ukadhani ni kazi ya chupa. Ubongo wake ulikuwa bado unalindwa na vidonge vya wiki iliyotangulia. Kufika siku ya sita kinga ile ilikuwa imepungua mno, na ubongo uliozoea kushikwa na dawa ukaachiwa kwa mkupuo. Hapo mtu huweza kuanguka vibaya kuliko alivyokuwa akianguka kabla hajaanza dawa, tena mfululizo bila kupata fahamu katikati, na hali hiyo inaweza kuua. Daktari anayetaka kumtoa mgonjwa kwenye fenobabitoni huipunguza kidogo kidogo kwa wiki nyingi, mara nyingi kwa miezi.

Sasa hiyo antioksidanti. Hapa nitakaa kidogo, maana neno hili limeingia kila chupa inayouzwa stendi, na mimi kabla ya kustaafu nilifanya kazi ya maabara kwa miaka mingi, nikikausha na kusaga majani ya watu.

Ubongo ni kama sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mwili, lakini hutumia karibu sehemu 20 katika 100 za oksijeni ya mwili mzima. Katika kuitumia oksijeni hiyo, mwili hutoa mabaki makali yanayoitwa chembechembe huru. Zikizidi, hushambulia mafuta na protini za seli, na ubongo umejaa mafuta. Mtu anapoanguka, seli nyingi za ubongo hufyatua umeme wake kwa pamoja, oksijeni inatumika kupita kiasi, na mabaki yale yanaongezeka. Hayo ni kweli na yamepimwa. Antioksidanti ni kitu chochote kinachozima ukali wa chembechembe hizo: vitamini C ya ubuyu, vitamini E ya karanga, wekundu wa choya, ule ukakasi wa majani ya chai.

Kipimo chake nilikifanya mara nyingi kwa mikono yangu. Kuna unga unaoitwa DPPH. Ukiuyeyusha kwenye spiriti unatoa rangi ya zambarau iliyokolea. Unadondoshea maji ya mmea unaoupima, unasubiri, na kama mmea una antioksidanti ile zambarau inafifia mpaka inabaki njano. Siku moja tukisubiri mashine ipate moto, nilidondoshea chai ya rangi iliyokuwa kwenye kikombe changu. Ikageuka njano palepale. Kesho yake nikajaribu choya, nayo vilevile. Mwanangu, ni vigumu kupata jani lisilogeuza rangi ile walau kidogo. Mara nyingi huo ndio "utafiti umethibitisha" unaosomwa kwenye karatasi ya chupa. Ni kweli kwamba rangi iligeuka, lakini ndani ya ile chupa ndogo ya kioo hapakuwa na ubongo wala mtoto anayeanguka.

Vidonge vya mwanao vinafanya kazi nyingine kabisa. Ubongo una kemikali yake ya kutuliza, inayoziambia seli zisifyatuke ovyo, na fenobabitoni huipa nguvu kemikali hiyo. Inazuia moto usiwake. Antioksidanti, kama ina kazi, kazi yake ni kwenye moshi. Wapo watafiti waliojaribu kuwaongezea watoto wenye kifafa vitamini E juu ya dawa zao. Jaribio dogo lililochapishwa mwaka 1989 lilionyesha nafuu, jingine la mwaka 1994 halikuona tofauti. Na vitamini hiyo iliongezwa juu ya vidonge. Haikuchukua nafasi yake.

Usinielewe vibaya ukadhani naidharau miti. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mganga huko Usambara, na mimi ndiye niliyekuwa nambebea kikapu. Mwaka 2005 watafiti wa Muhimbili walichapisha kazi waliyofanya na waganga wa Temeke, Dar es Salaam, wakiwauliza mti kwa mti wanatumia nini kwa kifafa. Ikatoka orodha ndefu, na baadhi ya miti hiyo ilikuwa imeshapimwa kwa panya kwingineko ikaonekana inapunguza degedege. Kwa hiyo waganga wetu hawakuwa wanabahatisha tu. Hata bangi, baada ya miaka ya kazi, imetolewa kiini kimoja kinachoitwa kanabidioli, na mwaka 2018 Marekani ikakiidhinisha kama dawa ya aina mbili za kifafa kikali cha utotoni. Lakini ona safari yenyewe. Kiini kilitengwa peke yake, kikapimwa uzito, kikajaribiwa kwa watoto waliokuwa wanaendelea na dawa zao, na mpaka leo ini la mtoto anayekitumia hufuatiliwa kwa vipimo vya damu. Huwezi kuufananisha mwendo huo na kifuniko cha chupa ya maji, wala na kuvuta bangi, ambayo kwetu ni kosa la jinai na haimtibu mtoto kifafa.

Katika miti iliyotajwa kule Temeke umo mtipitipi. Nyumbani kwenu huenda upo kwenye ua, zile mbegu nyekundu zinazong'aa zenye doa jeusi, watoto wanazitunga shanga. Majani yake ni matamu na watu huyatafuna kwa kikohozi. Mbegu yake ina abrini, sumu kali sana, na ikitafunwa au kusagwa inaweza kuua. Mti ni uleule mmoja. Sasa kwenye chupa yako kuna miti saba, na wewe hujui hata mmoja ni upi na umechukuliwa jani, gome, mzizi au mbegu.

Halafu ipo miti inayoleta degedege yenyewe. Mafuta ya mwarobaini yamewaangusha watoto wadogo walionyweshwa, wengine wakafa. Mafuta ya mkaratusi na kafuri yakinywewa huweza kumletea degedege hata mtoto ambaye hajawahi kuugua kifafa. Wanasayansi wakitaka kumletea panya degedege ili wajaribu dawa mpya, kati ya vitu wanavyomchoma ni strikinini na pilokapini, na vyote viwili vimetoka kwenye mimea. Mtu akikuambia dawa yake haina madhara kwa kuwa ni ya asili, mkumbushe mbegu ya mtipitipi.

Hapo ndipo jibu la jirani yako lilipo. Usimpe vyote pamoja. Dawa nyingi za kifafa, fenobabitoni ikiwemo, zinavunjwavunjwa na ini, na mimea mingi inaingilia kazi hiyo ya ini, mingine ikiiharakisha, mingine ikiichelewesha. Ikiharakishwa, dawa inapungua kwenye damu na mtoto anaanguka. Ikicheleweshwa, dawa inajaa, mtoto anapepesuka na kulala mchana kutwa. Hata vyakula hufanya hivyo: tunda la balungi huipandisha kabamazepini kwenye damu, na kiini cha pilipili manga huipandisha fenitoini, ambazo zote ni dawa za kifafa. Kwa miti saba isiyo na majina hakuna daktari atakayeweza kukukadiria. Kuna na jambo jingine: nchini India zimewahi kukamatwa dawa za mitishamba za kifafa zilizochanganywa kimyakimya na fenobabitoni iliyosagwa. Siijui chupa yako na simsingizii aliyekuuzia. Nasema tu kwamba karatasi iliyobandikwa nje haikuambii kilichomo ndani. Hapa Tanzania tuna sheria ya tiba asili tangu mwaka 2002 na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga na dawa zao. Yule aliyekuuzia, muulize namba yake ya usajili. Mganga aliyesajiliwa hataona taabu kukuonyesha.

Sasa nikuambie kilichonishtua zaidi kwenye barua yako, kuliko hata chupa. Umeandika kwamba anakunywa "vilevile viwili". Tangu darasa la tano! Mwanangu, mtoto wa darasa la tano na binti wa kidato cha pili si mwili mmoja. Vipimo vya dawa hizi kwa watoto hukadiriwa kwa kilo. Vidonge viwili vilivyomtosha alipokuwa mdogo vikampa mwaka mzima wa amani, leo huenda vinasambaa kwenye mwili ulioongezeka kilo kumi na tano au ishirini. Mwaka jana ulipoona anaanza tena, yawezekana dawa haikuwa imeshindwa, mtoto ndiye alikuwa amekua. Siwezi kuapa nikiwa mbali, na pengine kuna sababu nyingine: kukesha akijisomea, siku ambazo dawa ziliisha dirishani, homa, hata siku zake za mwezi, kwani wasichana wengine huanguka zaidi karibu na hedhi. Lakini kilo ndiyo ya kwanza kuangaliwa. Usimwongezee wewe nyumbani. Mpeleke apimwe uzito, na daktari aandike upya.

Na habari ya kusinzia ni ya kweli, walimu hawamwonei. Fenobabitoni imetumika tangu mwaka 1912, ni ya bei nafuu na imeokoa watu wengi mno, lakini huleta usingizi, na mwanafunzi anaumia nayo. Haili ubongo, inauchosha. Sema neno hilo kliniki, usilibakize moyoni. Uliza kama anaweza kuhamishwa taratibu kwenda kabamazepini au nyingine inayofaa aina yake ya kifafa, moja ikipanda huku nyingine ikishuka. Ukitajiwa sodiamu valproeti, uliza kama kuna nyingine, na useme wazi kwamba ni msichana anayekaribia utu uzima. Dawa hiyo humdhuru vibaya mtoto aliye tumboni, na Shirika la Afya Duniani linaelekeza wasichana na wanawake wa umri wa kuzaa wasiandikiwe. Kwa taarifa za shirika hilohilo, hadi watu 70 katika kila 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa inayowafaa na kwa kiwango chake. Binti yako alishakuwa mmoja wao mwaka mzima. Simkatii tamaa hata kidogo.

Chupa ile usiimwage. Ibebe kama ilivyo na karatasi yake, uende nayo. Najua unaogopa kugombezwa. Huenda muuguzi akakunja uso. Mvumilie, mwambie siku aliyoanza, siku aliyoacha vidonge, na vifuniko vingapi. Mficha uchi hazai. Wao wanaamini alisahau vidonge tu, hivyo hakuna aliyewaza kupima ini lake wala kuuliza miti ile ni ipi.

Mkono wake umeniuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mmoja mzaliwa wa Norwei, Louise Jilek-Aall, alifungua kliniki ya kifafa huko Mahenge, Ulanga, na miongoni mwa wagonjwa aliowakuta walikuwemo wenye makovu makubwa ya moto. Walikuwa wakiangukia jikoni, na watu wakiogopa kuwavuta, kwa kuamini mate ya mgonjwa yanaambukiza. Hayaambukizi, wala mkojo, wala pumzi. Akianguka, mvuteni mbali na moto, mlazeni ubavu, mlegezeeni nguo shingoni, mtu mmoja atazame saa. Msimtie kijiko mdomoni, msimnyweshe maji, na kitunguu cha kunusa hakimsaidii. Zikipita dakika 5 bado anatikisika, au akianguka tena kabla hajapata fahamu, ni hospitali hapohapo. Kwa sasa asipike peke yake. Mafiga yaliyo chini ni hatari kwake, na kama mnaweza kuyajengea ukuta mfupi wa udongo kuzunguka, mjenge. Mtoni asioge bila mtu.

Kula ale kama wenzake: mchicha, matembele, ubuyu, maembe yakifika msimu. Antioksidanti zimo humo, na hakuna atakayekudai pesa ya chupa.

Amebaki mama mkwe. Usimpige vita, kwani aliileta chupa ile kwa kumpenda mjukuu wake, na ukimshinda kwa maneno ataileta nyingine kwa siri. Nenda naye kliniki. Aone mjukuu wake anavyopanda kwenye mzani, asikie daktari mwenyewe akieleza kwa nini vidonge vilikuwa havimtoshi. Mkirudi nyumbani mkabidhi yeye kopo la dawa. Kila saa mbili usiku, taarifa ya habari inapoanza, avitoe yeye vidonge vya mtoto kwa mkono wake.